Mcheza Kwao Hutuzwa, Lakini Si Kila Mara

Msikilizaji, leo naanzia Wajir.

Katikati ya miaka ya 1990 watu wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, walikuwa na jambo ambalo natamani kila kaunti ingeliiga. Waliandaa tamasha la amani. Palikuwa na nyimbo, mashairi, michezo ya kuigiza na ya viwanjani. Kisha machifu waliojitahidi kulinda utulivu katika maeneo yao wakaitwa mbele ya umma na kupewa zawadi. Hebu lifikirie hilo. Sisi chifu tumezoea kusikia akitajwa panapotokea msako wa pombe haramu, au mkubwa fulani anapokuja na watu wanatakiwa wajae uwanjani. Wajir wakamsifu chifu kwa mambo ambayo hayakutokea: mifugo isiyoibwa, bunduki isiyolia, mazishi yasiyofanyika.

Si rahisi kumsifu mtu kwa jambo lisilotokea. Aliyeshinda vita ana mateka na bendera, na baadaye atajengewa sanamu. Aliyezuia vita ana nini cha kutuonyesha? Soko liko wazi, watoto wako shuleni, na sisi tunaona hivyo ndivyo dunia inavyokwenda yenyewe.

Kwa hiyo swali langu jioni hii ni dogo. Tunapomtuza mjenzi wa amani, tunamtuza kwa lipi hasa? Nina shaka kwamba tunamtuza kwa nusu nyepesi ya kazi yake, ile ya kuwaweka watu pamoja, kuimba, kupeana mikono, kupigwa picha. Nusu nzito tunaifumbia macho, na mara nyingine tunamwadhibu kwayo. Nusu hiyo nzito ni kuwaambia watu wake mwenyewe yale wasiyotaka kuyasikia.

Nikueleze kwanza Wajir ilitoka wapi. Tangu vita vya shifta vya miaka ya 1960, eneo lote la kaskazini mashariki liliishi chini ya sheria ya hali ya hatari, na sheria hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1991. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya serikali kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakauawa wengi. Idadi inabishaniwa mpaka leo. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ikaanguka, wakimbizi wakavuka mpaka na silaha zikavuka pamoja nao. Ukame nao ukaja, mifugo ikafa. Ukiongeza uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, ambao uligeuza kila kiti cha ubunge kuwa mali ya ukoo, huhitaji kuambiwa kilichofuata. Koo za Degodia, Ajuran na Ogaden zilipigana kwa visima, kwa malisho na kwa kura.

Katikati ya moto huo alikuwapo mwalimu kijana, Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi usiku wa mwaka 1993 risasi zilipokuwa zikipita nyumbani kwake, akamkumbatia bintiye na kujificha naye chini ya kitanda. Kulipokucha mama yake akamweleza kwamba yeye pia, miaka ya sitini, alimficha Dekha mchanga namna ile ile, risasi za wakati huo zikilia. Vizazi vitatu vya wanawake, na kujificha kule kule. Dekha akasema bintiye asije akamficha mjukuu wake hivyo.

Kazi yenyewe wanawake walikuwa wamekwisha kuianza. Mwaka 1992, harusini, wanawake wa koo mbalimbali walijikuta wakizungumza juu ya yale ambayo kila mmoja alikuwa akiyabeba peke yake. Hawakuanza na siasa. Walianza na soko. Siku hizo sokoni Wajir mwanamke wa ukoo mmoja aliweza kuzuiwa kumuuzia maziwa mwanamke wa ukoo mwingine, au kununua kwake. Wakakubaliana kwamba soko ni la wote, wakachagua miongoni mwao wa kuangalia, na ugomvi ukizuka unashughulikiwa siku hiyo hiyo kabla haujafika kwa vijana wenye bunduki. Linaonekana jambo dogo. Lakini pima, msikilizaji: wa kumkemea mwanamke anayemzuia mwenzake ni nani? Asipokuwa wa ukoo wake, kemeo lake ni tusi, na tusi linaanzisha vita upya. Kwa hiyo kila mmoja alilazimika kurudi nyumbani na kuwakabili shemeji zake, kaka zake, mumewe. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa kazi ile.

Kutoka sokoni wakawaendea wazee. Na hapa walifanya ujanja ambao kila mara nikiukumbuka naupigia makofi. Wenye kuitisha vikao hawakuwa wazee wa koo kubwa zilizokuwa zikipigana. Walikuwa wazee wa koo ndogo, zile ambazo hazina kura za kutosha kumtisha mtu. Mkubwa hakuogopa kuketi mbele ya mdogo, kwa sababu mdogo hakuwa na la kumnyang'anya. Vikao vikawa virefu, na Septemba 1993 wazee wakatia saini Azimio la Al Fatah: uhusiano urejeshwe baina ya koo, damu ilipiwe fidia, wizi wa mifugo na mauaji yashughulikiwe kwa njia iliyokubaliwa na wote. Baadaye kamati ile ya amani iliingizwa katika kamati ya maendeleo ya wilaya, mkuu wa wilaya, polisi, wanawake, vijana na wazee wakiwa meza moja. Mfano huo ukasambaa wilaya nyingine. Kamati za amani tunazozisikia Kenya leo, ukifuata mkondo wake juu, utafika sokoni Wajir kwa wale wauza maziwa.

Sasa tuje kwenye muziki, maana najua wengine mnasubiri.

Kila penye mkutano wa amani utasikia mtu akisema kwamba muziki huunganisha watu. Mimi napata shida na maneno hayo. Muziki huunganisha, ndiyo, lakini huunganisha nani na dhidi ya nani? Rwanda ilikuwa na mwimbaji hodari, Simon Bikindi, na nyimbo zake zilipigwa sana na redio ya RTLM kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Ziliwaunganisha watu kweli: ziliwaunganisha Wahutu dhidi ya Watutsi. Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa ikikaa Arusha ilimhukumu Desemba 2008 kifungo cha miaka 15. Na hapa niseme kwa uangalifu: hakutiwa hatiani kwa kutunga nyimbo. Majaji walikubali kwamba nyimbo zake zilitumika katika propaganda, lakini kosa lililomfunga ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani Juni 1994, akiwahimiza watu waue. Sauti nzuri na mdomo mbaya vilikaa katika mtu mmoja.

Sisi watangazaji hatuna pa kujificha. RTLM ilikuwa redio. Na hapa Kenya, baada ya vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007, mtangazaji mmoja wa redio alifikishwa mahakamani The Hague. Kesi ilisitishwa Aprili 2016 bila yeye kutiwa hatiani, majaji wengi wakiona ushahidi hautoshi. Sina neno juu ya mtu ambaye mahakama haikumtia hatiani. Ninachosema ni kwamba tangu hapo kila anayeshika maikrofoni katika eneo hili anajua inaweza kumfikisha wapi.

Kwa hiyo, wimbo wa amani utaujuaje? Mimi nina kipimo kimoja. Sikiliza unamlilia nani. Wimbo unaowalilia wafu wa upande wako tu unaweza kuwa mzuri, unaweza kuwa wa haki kabisa, lakini hata adui yako anao wa kwake. Wimbo unaowalilia wafu wa upande wa pili, ukaimbwa na mtu ambaye hao wa pili walimwulia ndugu, huo ni wa aina nyingine.

Hilo linanileta kwa Kizito Mihigo.

Alizaliwa mwaka 1981 Kibeho, kusini mwa Rwanda. Mwaka 1994 alikuwa mtoto wa miaka 12. Baba yake aliuawa katika mauaji ya kimbari, yeye akakimbilia Burundi. Alipopata amani kidogo alijikuta kwenye kinanda cha kanisani. Akatunga nyimbo za ibada kwa mamia, akashiriki akiwa kijana katika kazi ya kutunga wimbo mpya wa taifa, akaenda kusomea muziki Paris. Aliporudi nyumbani alikuwa sauti ya kumbukumbu ya taifa. Kila Aprili, nchi ilipoingia kwenye maombolezo, alikuwa yeye anayeimba mbele ya viongozi. Mwaka 2010 alianzisha taasisi yake ya amani. Alikwenda nayo mashuleni, na alikwenda nayo magerezani, akaimba na kuzungumza na watu waliofungwa kwa mauaji yale yale yaliyomfanya yatima. Mwaka 2011 taasisi ya Imbuto, ya mke wa rais, ikamtuza miongoni mwa vijana wa Rwanda waliofanya makubwa.

Mpaka hapo, mcheza kwao ametuzwa. Wazee walisema kweli.

Machi 2014, mwezi mmoja kabla ya kumbukumbu ya miaka 20, akatoa wimbo uitwao Igisobanuro cy'urupfu, yaani maana ya kifo. Humo aliwaombea waliouawa katika mauaji ya kimbari, watu wake. Kisha akaenda hatua moja mbele: akawaombea na wengine waliouawa kwa jeuri na kwa kisasi, hata kama vifo vyao haviitwi kwa jina hilo. Aprili alikamatwa. Alishtakiwa kwa kula njama na makundi yanayoipinga serikali. Alikiri mahakamani, na Februari 2015 akahukumiwa miaka 10. Nyimbo zake zikatoweka katika vituo vya taifa. Septemba 2018 aliachiwa kwa msamaha wa rais. Februari 2020 alikamatwa tena karibu na mpaka wa Burundi, na tarehe 17 akakutwa amefariki katika mahabusu ya polisi Kigali. Polisi walisema amejinyonga. Mashirika ya haki za binadamu yalidai uchunguzi huru. Mwaka huo huo, nje ya nchi yake, akapewa tuzo ya Václav Havel, akiwa kaburini.

Nataka kuwa mwadilifu hapa, kwa sababu suala hili halina njia ya mkato. Rwanda ina sababu ya kuogopa. Wapo watu, na wapo mpaka leo, wanaotaja vifo vya kisasi ili kuyafuta mauaji ya kimbari, ili waseme pande zote zilikuwa sawa. Hazikuwa sawa. Mnyarwanda aliyenusurika akisikia wimbo unaotaja wafu wa upande ule, moyo wake una haki ya kushtuka. Lakini kumlilia mfu si kumtolea hukumu aliyemuua, wala si kuweka vifo kwenye mizani. Na aliyekuwa analia hapa alikuwa nani? Alikuwa mmoja wao. Kama yatima wa mauaji yale hana ruhusa ya kusali kwa ajili ya mtoto wa jirani, basi ruhusa hiyo anayo nani?

Hukumu yangu ni hii: Rwanda ilimtuza Kizito kwa nyimbo ambazo kila mtu angeweza kuzikubali, na wimbo mmoja uliokuwa mgumu kuubeba ndio uliokuwa kazi yake hasa.

Msidhani ni Rwanda peke yake. Sudan ilipokuwa ikisubiri kuona kama mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi Januari 2005 utasimama, Emmanuel Jal, aliyekuwa askari mtoto wa kusini, na Abdel Gadir Salim, mpiga oud mkongwe wa Kordofan, Mkristo na Mwislamu, walitoa albamu pamoja, wakaiita Ceasefire. Magazeti ya Ulaya yaliisifu mno. Lakini mtihani wa kazi kama hiyo hauko kwenye majukwaa ya Ulaya. Uko nyumbani, mtu anapoulizwa na binamu yake: wewe unaimba na hao, umesahau walichotufanyia?

Wanaopatanisha kwa mazungumzo, si kwa nyimbo, nao hawaliepuki swali hilo. Narudi kwa Dekha, kwa sababu sehemu yake iliyobaki ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, ile ambayo wengi huiita Nobel mbadala, akaipokea Stockholm mwezi Desemba. Angeweza kurudi na kupumzika, akae aalikwe kwenye makongamano. Desemba 27 Kenya ikapiga kura. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, na kabla ya usiku kwisha nchi ilikuwa ikiungua. Mpaka machafuko yalipokwisha, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekufa na laki kadhaa wamehama makwao. Siku zile za mwanzo Dekha alikutana na Balozi Bethuel Kiplagat, majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, na George Wachira, wakaanzisha kundi la Raia Wenye Kujali Amani. Kila asubuhi hoteli ya Serena, Nairobi, mlango wazi, aliyetaka aliingia. Waliwasikiliza waliofukuzwa makwao, wenye hasira, waliokuwa na habari za mahali patakapochomwa kesho. Ujumbe wa simu ukapita kutoka kijiji hadi kijiji na kurudi Nairobi. Kofi Annan alipofika kuwapatanisha wakubwa, alikuta raia wamekwisha kuanza.

Angalia tena ni akina nani waliokaa pamoja. Mwanamke Mwislamu wa Wajir, mahali ambapo jeshi la Kenya lilifanya mauaji ya Wagalla, na majenerali wa jeshi la Kenya. Hakuwaambia kwanza waombe radhi ndipo azungumze nao. Wala hakujifanya amesahau. Alijua kwamba kuna deni la zamani na kuna moto wa leo, na moto wa leo unazimwa kwanza. Watu wa kwao wangeweza kumwuliza swali lile lile la binamu, na sina shaka wapo waliomwuliza. Katika Qurani, sura ya An-Nisaa, aya ya 135, waumini wanaamrishwa kusimamia haki hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi na jamaa. Aya hiyo inasomwa misikitini kote. Kuishi nayo ndiko kunakohitaji watu kama Dekha.

Februari 28, 2008, mkataba ukatiwa saini. Picha zinazoonyeshwa kila mwaka ni za Rais Kibaki na mpinzani wake Raila wakipeana mikono nje ya Jumba la Harambee, Annan kasimama nyuma. Wa Serena hawamo pichani. Julai 2011 Dekha alipata ajali akiwa safarini kuelekea Garissa, alikokuwa akienda tena kwa mambo ya amani. Mumewe na dereva waliangamia katika ajali hiyo, naye akafariki siku chache baadaye. Nenda leo uwaulize wanafunzi wa kidato cha nne mjini Nairobi au Mombasa Dekha Ibrahim ni nani. Majina ya waliochochea watakutajia bila kusitasita, kwa sababu baadhi yao bado wanagombea.

Kwa hiyo nina maombi mawili, msikilizaji, na la kwanza ni kwetu sisi wa redio. Agosti 2027 Kenya inapiga kura tena. Inapofika saa mbaya, vituo hukimbilia nyimbo za kizalendo, zile za bendera na mlima. Hazina ubaya, lakini hazimgharimu mtu kitu. Kituo kinachotangaza kwa lugha ya jamii moja kingepiga wimbo wa maombolezo wa jamii ya pili, na mtangazaji akaeleza kwa lugha ya nyumbani unamlilia nani, hapo tungekuwa tumefanya kazi. Simu za matusi zitakuja. Zipokeeni hewani, mzungumze na wanaopiga.

La pili ni kwako. Katika mtaa wako yupo mtu ambaye mwaka 2008, au juzi tu kwenye ugomvi wa ardhi, alisimama mbele ya vijana wa kabila lake mwenyewe akawaambia rudini. Labda aliitwa msaliti, na labda mpaka leo baadhi ya majirani hawamsalimu. Usimngojee mpaka azikwe ndipo usome wasifu wake. Wajir walimwita chifu mbele ya watu akiwa hai, wakampa zawadi mkononi. Mpeleke huyo kwenye baraza lijalo, msimamishe, useme alichofanya, na useme mbele ya wale wale waliomwita msaliti.